Gari Lililochanjwa Chale

Hakuna aliyebisha kwamba Nkwabi alikuwa na sauti. Akiimba Shinyanga, ng'ombe wa Kahama waliacha kutafuna wakainua vichwa kusikiliza. Shida yake haikuwa koo. Shida yake ilikuwa Mageni.

Nkwabi alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa ngoma ya Bagika, na Mageni manju wa Bagalu. Kila mwaka, pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, vumbi na baridi vikifika pamoja kama mtu na shemeji yake, makundi hayo mawili yalikutana kwenye uwanja mmoja. Hawa walipiga ngoma zao mwisho huu, wale walipiga mwisho ule, kwa wakati mmoja, na mtazamaji alikuwa huru kusimama anapotaka. Wazee wa mtemi walikaa katikati juu ya vigoda vyao wakivuta ugoro. Jua likifika utosini walisimama, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, na upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna rufaa. Miguu ya watu ndiyo iliyokuwa hakimu.

Sasa, mwaka uliotangulia Mageni alikuja na santuri. Nkwabi alikuwa katikati ya ubeti mtamu kuliko yote aliyopata kutunga, akaona watu wanachomoka mmojammoja kama mchele kwenye gunia lililotobolewa na panya. Mwishowe alibaki na wapiga ngoma wake, mbwa mmoja, na mama mkwe wake. Na mama mkwe naye alibaki kwa sababu mguu ulikuwa umeshikwa na ganzi. Mkewe mwenyewe, Nyamizi, alirudi nyumbani jioni macho chini.

"Nilikwenda kusikiliza kidogo tu, Baba Esta," alisema. "Nikasongwa na watu, nikashindwa kutoka."

Wachezaji wake vijana walimjia baadaye, wakapiga goti kwa adabu zote, wakamwamkia, wakamuuliza habari za mifugo, ndipo wakasema lililowaleta. "Baba, tunakuheshimu. Ila mwakani tukiachwa tena na mbwa, tutahamia kwa Mageni."

Nkwabi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Manju asiye na wachezaji ni mtu anayeimba peke yake porini, na watu wa namna hiyo hufungwa kamba wakapelekwa kwa waganga.

Basi ndipo alipolipata gari.

Lilikuwa la mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kokoto, kwa kuwa mifuko yake yote ilijaa mawe. Miaka ile kila mwenye sururu alikuwa anaichimbua nchi ya Geita akitafuta dhahabu, na Bwana Kokoto aliichimba Rwamgasa mpaka dhahabu pekee aliyobaki nayo ikawa ya jinoni. Akachoka, akataka kwenda kwao. Gari lake lilikuwa jekundu, refu kwa mbele kama panzi, nyuma hakuna kitu. Viti viwili tu, na boneti iliyofungwa kwa mkanda wa ngozi kama suruali ya mlevi. Lilipokuwa kijana lilishindana mbio huko Ulaya. Sasa lilikuwa limekula chumvi, lakini lilikuwa halijasahau. Nkwabi akatoa ng'ombe, Bwana Kokoto akawapeleka mnadani, akapanda treni. Kabla ya kuondoka alimfundisha Nkwabi kuendesha, zaidi kwa kuonyesha vidole na kupiga kelele, kisha akaipapasa boneti akalia machozi ya kweli.

Na lilikuwa la kuliliwa, msione ajabu. Asubuhi ya baridi, umande umelilowesha, ulilipiga hendeli, kile chuma cha kuzungushwa kwa mbele, mara moja likaamka. Likisimama, mguu ukiutoa kwenye mafuta, lilinguruma polepole kama paka aliyeshiba maziwa. Hapo ndipo Nkwabi alipoona ushindi wake wote. Siku ya ngoma, alfajiri, watu wanapochagua pa kusimama, angeingia uwanjani kwa kishindo na vumbi, akasimama katikati ya watu wake, halafu akaimba, gari likinguruma chini ya wimbo kama ngoma kubwa isiyochoka. Nani angebaki na santuri?

Lakini kitu kizuri kina macho mengi yanayokitazama, na si yote yanayokitakia heri. Nkwabi akaliendesha gari mpaka Bugarama kwa Mama Mbuke, mfumu, mganga aliyekuwa akiwatengenezea Bagika dawa ya ngoma tangu enzi za baba yake.

Mama Mbuke alilizunguka gari, akalipiga kofi la ubavu kama mtu anunuaye ndama.

"Huyu ataingia ngomani?"

"Ataingia, mayu," Nkwabi alijibu kama mtoto kwa mama yake. "Ndiye atakayetangulia."

"Mchezaji mpya hachezi bila kuchanjwa. Nani amemchanja huyu?"

"Hajachanjwa na mtu."

"Na umemleta hapa hivyohivyo? Uchi? Njia nzima watu wanamwangalia?"

Nkwabi akainamisha kichwa kwa aibu.

"Mtu tunamchanja kwenye maungio," Mama Mbuke alisema akinoa wembe kiganjani. "Kiwiko, goti, shingo. Nguvu ya mtu hupita kwenye maungio, na uchawi nao hupita hapohapo. Mfungue nione yake yako wapi."

Nkwabi akafungua ule mkanda, akainua boneti. Yule mama akatazama matumbo ya gari kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma utumbo wa kuku. Kisha akafuatisha kwa kidole lile bomba ambalo gari hunywea hewa na petroli kupeleka tumboni. Kila mahali bomba lilipoungana na bomba, palikuwa na kipande cha ngozi katikati au pete ya mpira ya kuziba. Maungio hayo! Akapenyeza wembe, akakata chale ndogondogo, mbilimbili, kwa ustadi, kama anavyomchanja mtoto kifuani, akasugua humo dawa nyeusi.

"Hii itavuta watu," alisema. "Wataacha santuri, wataacha pombe, wataacha na maiti msibani. Lakini ukimwambia mtu, hata mkeo, dawa inarudi porini ilikotoka."

Nkwabi akaapa. Akarudi nyumbani anaimba.

Asubuhi iliyofuata kipupwe kilikuwa kinauma masikio. Nkwabi akapiga hendeli. Gari likakohoa. Akapiga tena, likapiga chafya kwa kupitia puani, likanyamaza. Alipiga mpaka mkono ukawa si wake, na majirani wakatoka nje na mablanketi yao ili wasikose kitu. Adhuhuri, jua lilipolichoma mgongo, likakubali kuamka. Lakini alipoutoa mguu kwenye mafuta lilitetemeka kama mgonjwa wa homa, likazimika. Akilikanyagia mafuta barabarani, lilikuwa lilelile, linaruka kama swala. Kwa kifupi lilikuwa gari zuri kabisa, ilimradi lisilale na lisisimame.

Nkwabi hakuhitaji kuuliza. "Mageni," alijisemea. "Amelitupia kitu." Na akamshukuru Mama Mbuke kwa moyo wote, kwa maana kama hali ni hii likiwa na kinga, je, kama lisingekuwa nayo? Lingekwisha kuwa sufuria. Akalipeleka tena Bugarama siku hiyohiyo jua lilipokuwa kali, akaomba aongezewe. Mama Mbuke akaongeza chale, ndefu zaidi, na dawa nene zaidi.

Asubuhi yake gari halikukohoa hata kukohoa.

Ni Nyamizi aliyemtaja fundi. "Yupo Majaliwa pale mjini," alisema akichambua mchele. "Anatengeneza malori ya pamba. Mama yake Zuleha ameniambia aliliamsha lori lililokuwa limeotewa na nyasi."

"Huu si ugonjwa wa fundi, Mama Esta."

"Ni ugonjwa wa nani?"

Nkwabi akakumbuka kiapo chake, akafunga mdomo.

Fundi Majaliwa alikuja amevaa kofia ya viua, kanzu ameikunja begani. Wazee wake walitoka Ujiji, naye alijiona yeye ndiye aliyeuleta ustaarabu Shinyanga pamoja na reli. Alikuwa na mtindo wake wa kazi uliojulikana mji mzima: hakuligusa gari kabla ya kulionja. Alisema macho yanadanganya na masikio yanazeeka, lakini ulimi haukubali rushwa.

"Shikamoo, mzee Nkwabi."

"Marahaba, fundi. Nasikia unafufua magari."

"Na mimi nasikia unaimba. Tusisifiane kabla ya kazi."

Akachovya kidole kwenye petroli, akalamba. "Safi. Haina maji." Akachovya kwenye oili, akalamba, akatafakari. "Imechoka, lakini haijakata tamaa." Akafungua plagi, akaigusisha ncha ya ulimi, akakunja uso. "Kavu. Mzee, gari lako lina njaa. Linakunywa hewa nyingi na petroli kidogo. Ni mtu anayelishwa uji mwembamba asubuhi ya baridi, unategemea ainuke alime? Likishapata joto linajikongoja. Likikimbia linakunywa kwa pupa, halioni tofauti. Ukiliambia litulie, uji ule mwembamba haulitoshi, linaanguka. Sasa niambie. Lilianza lini?"

"Lilianza tangu Mageni... tangu baridi ilipoanza."

"Kabla ya hapo liliamka?"

"Kama jogoo."

"Na hapo katikati, kuna mtu aliyelifungua?"

Nkwabi akamtazama mbuzi aliyekuwa anapita. "Hakuna."

"Mzee Nkwabi, fundi ni sawa na mkunga. Ukinificha, mimi siaibiki. Anayezaa ni wewe."

"Nimesema hakuna."

Majaliwa akainama, akapitisha kidole kwenye bomba. "Na huu weusi?"

"Moshi."

Majaliwa akalamba. Akalamba tena, macho ameyafumba. "Moshi huu umetiwa pilipili."

"Gari la Ulaya hilo," Nkwabi alisema. "Moshi wao ndivyo ulivyo."

Fundi akachukua spana, akaielekeza kwenye maungio. Nkwabi akarukia akayafunika kwa kiganja. "Hapo pasiguswe."

"Kwa nini?"

"Bwana Kokoto aliusia."

"Gari linavuta hewa mahali lisipo na pua, mzee. Nahisi ni hapo. Nifungue nione."

"Gusa pengine pote. Hapo hapana."

"Yaani nimtibu mgonjwa wa tumbo kwa kumkata kucha?"

"Kata kucha."

Na Majaliwa akakata kucha. Alizichoma plagi kwenye makaa mpaka zikawa za moto, akazirudisha akikimbia. Alimimina maji ya moto kwenye rejeta. Aliisafisha kabureta, akaibusu. Alikaza na kulegeza kila skrubu aliyoruhusiwa. Akidondosha petroli ndani ya mashimo ya plagi, gari liliamka na kuishi maisha ya hilo tone, kisha likafa. Kila asubuhi alimgeukia Nkwabi na kumuuliza, "Hakuna aliyelifungua?" na kila asubuhi Nkwabi alimtafuta mbuzi wa kumtazama.

Siku ya mashindano baridi ilikuwa kali hata majogoo waliwika wakiwa wamejifunika mbawa. Gari liliingia uwanjani likivutwa na maksai, limefunikwa mikeka ili watu wadhani ni mbinu. Nkwabi alikuwa amevaa manyoya yake yote na shanga zake zote, na moyo wake ulikuwa magotini. Upande wa pili Mageni alikwisha kufika, mwavuli mweusi mkononi, santuri juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Watu walikuwa wanaingia kwa makundi, wanapuliza viganja, wanatazama huku na huku.

Mikeka ikaondolewa. Watu wakashangilia, wakaanza kusogea. Majaliwa akatema mate mikononi, akapiga hendeli.

Gari likapiga chafya.

Akapiga tena. Halikujibu. Akapiga mpaka kofia ikamwanguka, na katika ule ukimya sauti ya Mageni ikavuka uwanja mzima, nyembamba na tamu kama asali iliyotiwa shubiri:

"Bagika wamekuja na ng'ombe mwekundu,
hanyi, hakojoi, hatoi maziwa!
Mwamsheni mwenzenu, jua limepanda,
au mumchinje, tujue moja!"

Uwanja ukacheka. Hata wazee wa mtemi waliinua ugoro wao kuficha meno. Watu waliokuwa wamesogea wakageuka, miguu ikaelekea kwa Mageni, na santuri ikaanza. Nkwabi akafungua kinywa aimbe, sauti ikatoka kama mlango usiopakwa mafuta. Nyuma yake akasikia mlio mdogo wa chuma. Mmoja wa vijana wake alikuwa ameinama, anafungua njuga miguuni.

Nkwabi akaogopa kugeuka. Alibaki amezitumbulia macho zile chale, akizinong'oneza ziamke, maana dawa kama ni dawa, ilikuwa inangoja nini?

Hapo akapita mzee mmoja na fimbo yake, anaelekea kwa Mageni. Alipofika usawa wa gari akasimama. Hakukusudia kusimama. Lakini hajazaliwa mtu anayeweza kupita mbele ya gari bovu bila kuuliza.

"Limefanyaje?"

"Haliamki," Majaliwa alisema.

"Mmelitazama maji?"

"Maji yamo."

"Basi mengi mno. Punguzeni."

"Si maji, mzee," alisema mtu mwingine, ambaye naye alikuwa anapita. "Ni petroli imelala chini. Litikiseni." Mtu huyo aliwahi kupanda treni kutoka Tabora, na kwa hiyo alikuwa fundi.

"Litikiswe gari, ni togwa hilo?" alidakia Scolastika, muuza uji, akitua chungu chake. "Halioni vizuri, hilo. Taa zake zina vumbi."

"Taa na kuamka wapi na wapi?"

"Wewe ukiamka hufungui macho kwanza?"

Watu wakacheka. Waliokuwa nyuma wakauliza kumetokea nini. Waliosogea kuuliza wakaulizwa na waliokuwa nyuma yao. Likatokea kundi la plagi na kundi la petroli, wakashikana mashati kidogo, kwa upendo. Marselino, mpishi wa wachimbaji wa Geita aliyekuja likizo, alisema kule kwao magari huamshwa kwa kutukanwa, akajitolea kulitukana, na alilitukana vizuri hivi kwamba akina mama waliziba masikio kwa kidole kimoja tu. Mtu akapendekeza lisukumwe. Likasukumwa mpaka mwisho wa uwanja, likarudishwa, na kila lilipokwenda watu walilifuata kama vifaranga, kila mmoja akipiga kelele za ushauri.

Nkwabi hakuona lolote. Alikuwa anasukuma kichwa chini, manyoya yamemfunika macho, mpaka Nyamizi alipomvuta shuka.

"Baba Esta. Geuka."

"Sitaki kuona."

"Geuka, nimesema."

Akageuka. Vichwa vilianzia miguuni pake vikaishia kwenye kichuguu cha mbali, na juu ya kichuguu walisimama wengine. Upande wa Mageni santuri ilikuwa inawaimbia wapiga ngoma wake, nao wapiga ngoma walikuwa wamesimama juu ya vidole, shingo ndefu, wanachungulia huku.

Msukumo wa tatu, au wa kumi, gari likashtuka likaamka. Uwanja mzima ukapiga yowe. Majaliwa akaishika waya ya mafuta kwa mkono mmoja asiliache lizimike. Likanguruma, likakohoa, likatetemeka mpaka meno ya waliolishika yakagongana.

"Uji!" Majaliwa akapiga kelele. "Scolastika, lete uji!"

"Unataka kunywa kwanza ndipo ufanye kazi?"

"Si wa kwangu! Lete!"

Akachukua kata, akaanza kuumimina uji polepole juu ya bomba, mahali hapa, mahali pale, aone hewa inaingilia wapi. Nkwabi alitaka kumzuia, lakini watu walikuwa wamembana kama ndizi. Uji ukamiminika juu ya maungio ya kwanza. Ukafyonzwa ndani, fyuu, kama vile gari limepata kinywa kipya, na papo hapo mtikisiko ukapungua. Ukamiminwa kwenye ya pili. Fyuu. Gari likatulia kabisa, Majaliwa akaiachia waya, nalo likanguruma polepole, tulivu, kama zamani za Bwana Kokoto. Kisha uji ulipokwisha kumezwa, likatetemeka, likafa.

"Ahaaa!" watu wakasema, kila mmoja akiamini ndicho alichokuwa anasema yeye.

Majaliwa akafuta mahali pale kwa ncha ya kanzu. Akatazama. Akainua uso polepole mpaka akakutana na macho ya Nkwabi, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee. Hizi ni chale."

"Moshi."

"Moshi haukati kwa wembe. Umelichanja gari? Hewa yote inaingilia humu! Siku zote hizi nalamba dawa ya ngoma nikiambiwa moshi!" Kisha uso wake ukachanua, maana fundi akipata ugonjwa husahau matusi. "Haidhuru, nimeipata. Nipe nta ya nyuki nizibe hizi nyufa, na gari linaamka sasa hivi mbele ya macho yao."

Nkwabi akatazama juu. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Akawatazama watu. Akaliona jambo zima kama mtu anavyoona korongo mguu ukiwa tayari hewani: gari likipona, watu watapiga makofi, watapukuta vumbi, na watarudi kwenye santuri.

"Fundi," alinong'ona. "Polepole."

"Polepole ya nini? Nimeipata!"

"Najua umeipata. Ipoteze."

"Nini?"

"Ipoteze kidogo. Mpaka jua lifike pale."

Majaliwa akavuta pumzi kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mimi? Nisimame mbele ya watu wote hawa, ugonjwa nimeushika mkononi, nijifanye siujui? Wenzangu wa malori wako pale, wananiona!"

"Nitakutungia wimbo."

"Sitaki wimbo."

"Jina lako litaimbwa kutoka hapa mpaka Geita, kila penye ngoma."

Majaliwa akairudisha kanzu begani. "Nitakuwa ubeti wa kwanza au wa mwisho?"

"Wa kwanza."

"Na kiitikio?"

Kiitikio cha Bagika kilikuwa na jina la babu yake Nkwabi tangu ngoma ilipoanzishwa. Nyuma yake njuga zililia tena, lakini sasa alithubutu kutazama: yule kijana alikuwa amesimama na njuga mkononi, hajui azifunge au azitie mfukoni.

"Na kiitikio," Nkwabi alisema.

Fundi Majaliwa akawageukia watu, akavua kofia, akaiweka kifuani. "Ndugu zangu," alisema kwa huzuni kubwa, "ugonjwa umekimbilia ndani."

"Aaaah!" uwanja ukaitikia kwa furaha isiyo kifani.

Hapo kazi ikaanza upya. Majaliwa alifungua gurudumu ambalo halikuwa na kosa lolote. Alifungua taa, akampa Scolastika azipulize. Alionja mpira wa tairi, akatikisa kichwa, akawaomba wazee wawili waonje nao watoe maoni. Na Nkwabi, sauti yake imerudi yote, akapanda juu ya kiti cha gari akaanza kuimba: akawataja walioshauri maji, akawataja walioshauri plagi, akamtaja aliyepanda treni. Kila aliyesikia jina lake alisogea karibu alisikie tena. Ngoma zikamfuata. Yule kijana akapiga goti, akazifunga njuga zake kwa mafundo mawili, akaruka katikati.

Mageni alivumilia kwa kadiri mtu anavyoweza kuvumilia. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anaizungusha santuri yake mwenyewe, na aliwahi kuifungua akaona springi iliyo ndani. Mtu mwenye elimu kama hiyo hawezi kusikia wajinga wanataja maji na petroli akakaa kimya. Akafunga mwavuli. Akavuka uwanja, akapenya kwa viwiko.

"Nipisheni! Nipisheni! Ni springi! Kila kinachozungushwa mkono kina springi. Nipe hendeli hiyo, wewe mtu wa Ujiji."

"Karibu, bwana," Majaliwa alisema kwa adabu nyingi, akampa. "Tulikuwa tunakungoja."

Mageni akainama, akapiga hendeli mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wakati huohuo, katikati ya uwanja, wazee wa mtemi waliona vivuli vyao vimeingia chini ya nyayo. Wakasimama. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto.

"Mbona sioni watu kule?" mmoja aliuliza. "Manju wao yuko wapi?"

"Yuko kwa Bagika, mzee. Ameshika hendeli."

Hawakukaa kikao kirefu. Mageni aliinua kichwa kusikia vigelegele, jasho likimtiririka, akauliza kwa matumaini, "Limeamka?"

Mama Mbuke alikuwepo siku hiyo, amekaa juu ya kigunia kama mgeni yeyote. Nkwabi alimwendea baadaye, akaamkia, akachutama mbele yake.

"Mayu, sikumwambia mtu, lakini gari halikuamka."

"Nilikuambia litavuta watu," Mama Mbuke alisema. "Nilisema litatembea?"

Jua lilipoanza kushuka, Majaliwa aliziba kila chale kwa nta, akakaza, akapiga hendeli mara moja. Gari likaamka, likanguruma polepole, tulivu, bila kukohoa. Hakuna aliyeligeukia. Vijana wa Bagika walikuwa wamejipanga nyuma ya manju wao, wanajifunza kiitikio kipya, na mmoja wao alimwomba fundi, kwa heshima zote, alizime hilo dude kwa kuwa hawasikii maneno.

Mageni naye si mtu wa kulala na aibu. Kabla hata uwanja haujaota majani upya, alionekana Kahama kwa mfanyabiashara mmoja wa malori, mwavuli kwapani. Mfanyabiashara akamwonyesha lori zuri, akalipiga hendeli moja tu, likaunguruma. Mageni akalizunguka, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hili linaamka," alisema. "Huna bovu zaidi?"